Nambari Mahali pa Jina

Jina la Ouma nililitoa mimi, kwa mkono wangu, Jumatano ya tarehe tisa Januari, saa nne asubuhi. Halikuchukua dakika mbili. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, Ouma akatoka kwenye orodha na mimi nikabaki humo peke yangu.

Saiba yetu, duka la intaneti, ilikuwa Riruta Satellite, Nairobi, upande wa kuelekea Kawangware, kati ya kinyozi na duka la mitungi ya gesi. Mwenyewe alikuwa Mzee Mbithi, mtu wa Machakos, ambaye biashara aliijua vizuri lakini kompyuta alizijua kwa kuzipangusa vumbi tu. Fundi alikuwa Ouma. Mimi nilikuwa nimeandikwa kufagia na kutoa fotokopi, kwa sababu niliishia darasa la nane kwetu Kitui na hakuna aliyedhani naweza kitu kingine. Ouma ndiye aliyeniona nikiangalia. Siku moja akaniuliza kwa nini naangalia mikono yake badala ya skrini. Nikamwambia skrini inaonyesha kilichotokea, mikono ndiyo inaonyesha jinsi kilivyotokea. Akacheka sana, akavuta stuli, akanikalisha kando yake. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita nyar Kitui, yaani binti wa Kitui kwa Kijaluo, na mimi namwita Fundi.

Kompyuta zilikuwa sita. Tano za wateja zilikuwa za Windows. Ya sita, nzee kuliko zote, ilikaa chini ya kaunta na hiyo Ouma aliiwekea Ubuntu, mfumo ambao virusi vya Windows haviuwezi, kwa sababu wateja walikuwa wanakuja na flashi zilizojaa virusi na kila wiki kazi za watu zinaliwa. Kazi zote za wateja, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, kadi za harusi, zilihifadhiwa kwenye ile ya Ubuntu, na zile tano zikawa zinazisoma kupitia waya.

Hapo ndipo shida ilipokuwa inaanza, maana mashine za aina mbili hazielewani kama za aina moja. Unaona folda kabisa, iko mbele yako, ukibonyeza inakuambia huna ruhusa. Wateja walikuwa wanazima na kuwasha, wanazima na kuwasha. Ouma alinifundisha nisifanye hivyo. Aliniambia nifikirie ploti ya kupanga. Kuna geti kubwa la nje, halafu kila mpangaji ana kofuli yake mlangoni. Mwenye ploti anaweza kukufungulia geti ukaingia hadi uani, na bado chumba usiingie. Kwa hiyo ukikataliwa, jiulize mambo mawili. La kwanza, nimekataliwa getini ama mlangoni? La pili, mashine inadhani mimi ni nani saa hii?

Nilikuwa na daftari la kurasa mia moja, niliyaandika hayo mawili kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwaka wa pili akanifungulia jina langu kwenye ile mashine, kasiva, lenye uwezo wa kubadilisha chochote kama lake. Mzee Mbithi hakujua. Ouma alisema ni ya siku akiugua. Watu wawili tu ndio walikuwa na majina humo ndani, yeye na mimi.

Na mimi nilikuwa namlipa kwa Kikamba. Alitaka kujua salamu ili amchokoze Mzee Mbithi asubuhi. Nikamfundisha uvoo waku, nikamfundisha kujibu ni museo, nikamfundisha kuuliza watu wa nyumbani na mvua ya kwao. Alikuwa anayasema kama mtu anayetafuna ugali wa moto, lakini hakuacha. Mzee Mbithi alikuwa anatabasamu mpaka jioni.

Mwezi wa Novemba Ouma alikuja na bahasha ya karatasi zake. Cheti cha kidato cha nne, diploma ya kompyuta, cheti cha kuzaliwa, na barua mbili za kule alikowahi kufanya kazi. Nikamwekea moja moja kwenye skana, yeye akaziskani kwa ubora wa juu kabisa, hataki ukungu. Akaziweka kwenye folda aliyoiita Zangu, kwenye diski ya pili ya ile mashine ya Ubuntu, akaifunga kwa jina lake peke yake. Hata mimi nisingeweza kuifungua kwa kubonyeza tu. Alisema kwa mzaha kwamba sasa hata chumba kikiungua yeye yuko humu ndani, mzima. Bahasha akarudi nayo nyumbani.

Chumba kikaungua kweli. Alikuwa anakaa nyuma ya soko la Kawangware, na Jumapili ile ya mwisho wa Desemba matokeo ya uchaguzi yaliposomwa hakukucha vizuri. Waliokuwa wa jamii yake walitolewa kwenye zile ploti, wengine wakapata nafasi ya kubeba godoro, wengine hawakupata hata ya kuvaa viatu. Sisi Wakamba hatukuwa wa huku wala wa kule, na ndani ya wiki mbili kila upande ukawa unatuona wa ule mwingine. Mimi nilijifungia chumbani kwangu siku tatu na sufuria ya githeri. Siku ya nne ikaingia meseji ya Ouma: Niko Mashimoni kwa Akoth. Niko mzima. Chumba hakiko.

Akoth ni dada yake mkubwa, alikuwa na kioski cha maji kule Mashimoni, Kibera. Ukitoka Satellite kwa miguu ni mwendo wa saa moja na kitu. Lakini saa moja hiyo Ouma hangeweza kuitembea.

Tulifungua saiba Jumatatu ya tarehe saba, milango nusu. Jumatano wakaja vijana watatu. Mmoja nilikuwa namjua kwa sura, alikuwa mteja wetu wa miziki ya simu. Walisalimia vizuri, wakaniita dada, sasa siz, mambo. Yule ninayemjua akakaa kwenye kompyuta ya tatu, akaniambia anataka dakika kumi tu. Wenzake wakasimama nyuma yake wakiangalia ukuta, dari, mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa napanga karatasi kwenye printa huku namwangalia mikono. Hakufungua miziki. Alifungua pale panapoonyesha kompyuta zote za saiba, na kwa sababu Ouma alikuwa ameipa ile mashine ya chini ya kaunta jina lake, jina lile likawa pale, herufi kubwa.

“Huyu Ouma bado mko naye?” akaniuliza. Hakupandisha sauti.

Nikamwambia hilo ni jina la mashine.

“Jina la mashine,” akawaambia wenzake, wakacheka kidogo. “Basi mashine ihame, siz. Hapa si kwao.”

Akalipa dakika zake kumi, wakatoka. Hawakuvunja kitu. Mzee Mbithi alikuwa ameketi kwenye kona na gazeti mkononi, na walipotoka tu akalikunja. Aliniita karibu akaniambia jina hilo lisionekane tena mahali popote, leo leo, kabla hawajarudi na mafuta ya taa.

Nilipiga magoti chini ya kaunta. Nikabadilisha jina la mashine, badala ya Ouma nikaandika Saiba. Nikaenda kwenye kompyuta ya tatu kuhakikisha, na kweli jina lilikuwa limepotea. Hapo kazi ilikuwa imeisha. Nikiangalia nyuma sasa najua ilikuwa imeisha. Hakuna kijana ambaye angekaa kwenye kompyuta ya mteja akaiona ile orodha ya ndani ya majina mawili, ouma na kasiva. Hakuna aliyeniambia niiguse. Lakini nilirudi nikapiga magoti tena, nikaifungua, nikamchagua yeye, nikamfuta. La kwanza nililitoa kwa kuambiwa. La pili nililitoa kwa woga wangu mwenyewe, na kusema kweli nilipomaliza nilijisikia mwepesi.

Kazi za wateja ziliendelea kufunguka kama kawaida, kwa sababu folda zao zilikuwa wazi kwa kila mtu. Nikajua sijaharibu kitu.

Jumatatu iliyofuata, tarehe kumi na nne, simu ya Akoth ikanipigia saa mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Ouma. Siku hizo kadi za simu zilikuwa adimu, maduka mengi hayajafunguliwa, kwa hiyo aliongea haraka. Kuna kampuni ya kuchimba visima ilikuwa inapeleka watu Juba, na inataka mtu mmoja wa kompyuta. Ken, waliyesoma naye chuoni, anafanya kazi kwenye ofisi yao mjini, na amemshikia nafasi. Kinachotakiwa ni vyeti tu, vitumwe kwa barua pepe. Majina yanaondoka Jumanne saa sita mchana, maana Jumatano kuna maandamano na mji utafungwa.

“Vile vya karatasi viliungua,” akasema. “Vimebaki vya kwako huko, nyar Kitui. Nifungulie Zangu unitumie.”

Akanipa paswadi yake, herufi moja moja. Ilikuwa uvoowaku, bila nafasi. Niliiandika kwenye kiganja changu.

Nikaketi kwenye kompyuta ya pili, nikaifuata folda, ikaniuliza jina na paswadi. Nikaandika ouma, nikaandika salamu yetu. Ikakataa. Nikarudia polepole. Ikakataa.

“Getini ama mlangoni?” akauliza.

“Getini.”

“Sawa. Kuna kitu umegusa kwa ile mashine tangu nitoke?”

Mzee Mbithi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Kulikuwa na mama mmoja, mteja, anangoja fotokopi ya kitambulisho. Lakini sitaki kuwasingizia hao. Hata ningekuwa peke yangu, sijui ningemwambiaje mtu ambaye amefukuzwa kwake, chumba chake kimechomwa, kwamba hata mahali pale pa mwisho palipokuwa na jina lake, mimi nimemfuta.

“Hapana,” nikasema.

Akaniamini. Fundi mzuri hutafuta kosa kwa kuondoa yale yasiyowezekana, na yeye aliondoa moja kwa neno langu, akaanza kutafuta penginepo. Akaniambia pengine Windows imekumbuka paswadi ya zamani, nitoke niingie upya. Nikafanya. Akaniambia niangalie taa ya herufi kubwa kwenye kibodi. Nikaangalia. Akaniambia nichomoe waya nirudishe, nihakikishe saa za mashine mbili zinalingana, nijaribu kutoka kompyuta nyingine. Nilifanya kila kitu, nikijibu bado, Fundi, bado. Nilikuwa nashuku ni kwa nini, lakini sikuwa na hakika, na nilishikilia huko kutokuwa na hakika kama mtu anavyoshikilia chuma cha matatu. Halafu simu ikakatika, kadi imeisha.

Mchana wateja walipopungua nikaenda kwenye ile ya Ubuntu yenyewe, bila kupitia waya. Nikaingia kwa jina langu. Zangu ilikuwa pale, na alama ndogo ya kofuli pembeni. Nikabonyeza kuona mwenyewe ni nani. Mahali ambapo siku zote paliandikwa ouma, paliandikwa 1000.

Nilikaa nikiangalia ile nambari. Daftari langu lilikuwa mapajani na halikuwa na kitu chochote kuhusu nambari. Nikafikiri, basi ni rahisi, nitamrudisha. Nikafungua ile orodha, nikaongeza mtu mpya, nikamwita ouma, nikampa paswadi ile ile. Orodha ikawa na majina mawili tena. Nikatoka kama kasiva, nikaingia kama ouma, nikabonyeza Zangu.

Huna ruhusa.

Nikaangalia tena. Folda bado ilikuwa ya 1000. Na huyu Ouma niliyemtengeneza, nilipomchungulia, mashine ilikuwa imempa 1002. Ndipo nikaelewa jambo ambalo Ouma hakuwahi kunifundisha kwa sababu hakuwahi kufikiri nitalihitaji. Mashine ile haimjui mtu kwa jina. Jina ni la sisi kusoma. Yenyewe inamjua kwa nambari aliyopewa siku ya kwanza, kama nambari ya kitambulisho. Mwenye folda nilikuwa nimemfuta, na huyu wa sasa alikuwa mtu mwingine kabisa aliyeitwa jina lake, amesimama nje na ufunguo ambao si wa kofuli ile.

Ilikuwa saa tisa mchana, Jumatatu. Simu yangu ilikuwa na salio la kutosha kupiga. Hilo nimelifikiria mara nyingi. Ningepiga nikasema, Fundi, nilikufuta, inaonyesha 1000, nifanye nini, angenijibu kwa sentensi moja na vyeti vingekuwa kwa Ken kabla ya jioni. Badala yake niliweka simu kwenye droo. Nilitaka nitengeneze mwenyewe, kimya kimya, iwe kama haikutokea, asijue kamwe. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Nilijaribu kuinakili folda kwenye flashi, ikakataa. Nilijaribu kuibadilisha jina, ikakataa. Nilijaribu kila kompyuta ya Windows, ya kwanza hadi ya tano, kana kwamba moja itakuwa na huruma kuliko nyingine. Kulikuwa na dirisha jeusi la kuandika amri, nilimwona Ouma akilitumia, lakini hapo vidole vyake vilikuwa vinakimbia na sikuwahi kushika. Saa kumi na mbili Mzee Mbithi akasema tufunge, barabara si nzuri.

Jumanne saa tatu meseji: Imefika wapi?

Nikajibu: Bado najaribu.

Saa tano na dakika arobaini akapiga. Hakuniita nyar Kitui.

“Kasiva,” akasema. “Achana na Windows. Kaa kwa mashine yenyewe. Bonyeza Zangu uniambie mwenyewe ni nani.”

Sikuwa na haja ya kubonyeza. “Elfu moja,” nikasema.

Kule aliko nilisikia mitungi ya maji ikigongana, na mwanamke akimwambia mwenzake asiruke foleni. Nilijua anaelewa. Mtu wa kazi hiyo akisikia nambari mahali pa jina anajua kuna sababu moja tu.

“Ulinifuta lini?”

“Jumatano ile. Walikuja wakauliza jina lako.”

“Na jana nilipokuuliza?”

Hakurudia swali. Aliuliza saa ni ngapi, nikamwambia zimebaki dakika kumi na nane. Akaniambia nifungue dirisha jeusi na niandike anachosema. Sudo, nafasi. Chown, nafasi. Kistari na R kubwa, nafasi. Akaeleza kwa haraka kwamba amri hiyo inampa folda mwenyewe mpya, na kila kilicho ndani yake. Sasa andika jina, akasema.

“Niandike ouma?”

“Ouma yupi? Huyo uliyemtengeneza?” Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. “Andika kasiva. Mimi siko huko. Wewe ndiye uko huko.”

Nikaandika jina langu, na njia ya ile folda vile alivyoitaja. Mashine ikaniomba paswadi yangu, nikaiweka. Haikusema kitu chochote. Mstari mpya ukaja tu, tupu. Nikabonyeza Zangu ikafunguka.

Vyeti vilikuwa pale vyote vitano, safi, bila ukungu, na kwa sababu ya usafi huo vilikuwa vizito. Mtandao wetu ulikuwa wa modemu, unakokota. Cha kwanza kilichukua dakika tisa. Saa sita ilipopiga nilikuwa nimetuma kimoja na cha pili kimefika nusu. Mzee Mbithi alikuja akasimama nyuma yangu, akauliza ni nini, nikamwambia ni vya Ouma. Aliwaendea wateja wawili waliokuwa kwenye kompyuta akawaomba watoke kidogo ili waya ubaki wangu. Cha mwisho kilitoka saa sita na dakika arobaini.

Jioni Ouma akanitumia meseji. Ken anasema majina yalienda saa sita. Wamechukua mwingine. Asante kwa kujaribu.

Hiyo asante sikulala nayo vizuri.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hatukufungua. Baada ya hapo siku zilipita nikingoja barabara ipoe, na wiki ya kwanza ya Februari nikavitoa vyeti kwenye printa, kwenye ile karatasi nene tunayowekea kadi za harusi, nikavitia kwenye bahasha na kwenda Mashimoni kwa miguu. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha kanisa kichwani ili nikiulizwa nina pa kusema ninakokwenda. Niliulizwa mara moja, karibu na reli, nikasema mimi ni wa Kitui, wakaniangalia wakaniacha.

Nilimkuta Ouma kwenye kioski cha dada yake, amekalia mtungi, anamjazia maji mama mmoja. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliweka bomba chini akamwambia Akoth mwalimu wake amekuja. Akoth alinipa stuli na chai ya rangi. Ouma alifungua bahasha, akaangalia karatasi moja moja kwenye mwanga, akasema printa ile inahitaji kusafishwa, kuna mstari. Nikamwambia nitaisafisha.

Halafu nikasema lile nililokuwa nimetembea nalo. Nikamwambia jina la mashine niliambiwa nilitoe, lakini la ndani hakuna aliyeniambia, nililitoa mwenyewe. Na Jumatatu nilijua na sikusema, kwa aibu.

Alikuwa anageuza kikombe mkononi. Kisha akanisimulia jinsi alivyotoka Kawangware ile Jumapili. Pale karibu na stendi vijana walikuwa wameziba barabara, wanasimamisha kila mwanamume na kumuuliza jina na kwao. Wawili waliokuwa mbele yake walitolewa kando. Alipofika yeye, kabla hawajauliza, akawasalimia, uvoo waku. Mmoja wao alikuwa Mkamba, akaitikia bila kufikiri. Ouma akamuuliza watu wa nyumbani, akamuuliza mvua. Akajiita Kitheka, fundi wa saiba ya Mbithi. Wakamwambia Kitheka unaongea kama umemeza mawe, akawaambia amekulia mjini, wakacheka, akapita.

“Kwa hiyo mimi nilijifuta kabla yako,” akasema. “Siku kumi kabla. Na kwa maneno yako. Wewe ulidhani nitakasirika juu ya jina?”

Akaweka kikombe chini.

“Ungeniambia tu Jumatatu, nyar Kitui.”

Akoth alimwita, foleni ilikuwa imefika barabarani. Akainuka akachukua bomba. Nilimaliza chai yangu, nikaosha kikombe, nikawaaga.

Mwishoni mwa mwezi huo wakubwa wa pande mbili wakatia sahihi mkataba wao wa amani, na Machi Mzee Mbithi akaniambia nimwite Ouma arudi. Nilipiga, akashika Akoth. Akasema kaka yake amekwenda upande wa Kisumu, ameweka meza ya kutengeneza simu, na jina la Nairobi hataki hata kulitaja. Mzee Mbithi hakutafuta fundi mwingine. Alisema mimi natosha.

Printa niliisafisha. Kwenye daftari, chini ya yale maswali mawili ya ukurasa wa kwanza, nimeongeza la tatu: kuna kitu umegusa? Mteja akija analalamika folda imemkataa, namuuliza hilo kwanza, na nampa muda wa kujibu, hata akisema hapana.

Folda ya Zangu sijaifuta. Ken hajawahi kujibu barua pepe ile, lakini huwezi jua. Kila asubuhi nikiwasha mashine naichungulia kuona kama faili zote tano ziko. Iko kwa jina langu, kwa hiyo inafunguka mara moja, bila kuniuliza kitu.